Gundi Dhaifu ya Fundi wa Fidla

Mama yangu alizikwa nikiwa nimesimama jikoni kwa watu Lusail, kando ya Doha, simu mkono mmoja, mwiko wa uji wa Mzee, mgonjwa wangu, mkono mwingine. Binamu yangu ndiye aliyekuwa akipiga picha upande wa Vihiga, na mtandao wa kwetu mnaujua. Jeneza lilishuka nusu, likaganda. Vilio vikaendelea kusikika bila picha kusonga, na iliporudi watu walikuwa tayari wanatupa udongo. Nilizima jiko, nikampelekea Mzee uji wake, nikampima presha. Presha yake ilikuwa nzuri siku hiyo.

Sikulia. Jioni nilirudi chumbani kwetu mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ninakoishi na wasichana wenzangu wa Kenya, nikakuta wamepika chai, wametandika leso sakafuni, wameshaanza kuimba. Mmoja wao, ambaye hakuwahi kumwona mama hata kwa picha, alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi ndiye niliyembembeleza na kumletea maji. Ndani yangu palikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unajua ni wako, unaugusa, lakini habari hazifiki.

Hakuna aliyenifanyia ubaya. Nilikuwa mgeni kazini, likizo haijafika, karatasi zangu bado zinashughulikiwa. Haikuwezekana kusafiri, basi. Nilisema sawa kwa sauti ile ile ninayowaambia nayo wagonjwa kwamba sindano haitauma.

Sasa sikilizeni kilichonitia hofu. Kwetu mtoto akikosa mazishi ya mzazi wake, kilio chake hakifi, kinamngoja langoni. Siku atakaporudi, hata mwaka ukipita, lazima aanze kulia kwa sauti tangu langoni, apite nyumba zote bila kusalimu mtu, aende moja kwa moja kaburini. Shangazi wanakuwa wamejipanga wanamsikiliza, na yeye akianza nao wanampokea. Ndivyo unavyomwambia marehemu kwamba umefika. Ukipita kimya, wee! Itasemwa mpaka kwa wajukuu. Itasemwa Uarabuni walimtoa moyo wakamrudisha na sanduku. Na mimi nilijua nitafika pale langoni na macho makavu kama ya omena, dagaa wa kuanikwa. Watu ningewastahimili, maneno ni yao. Ila mama je? Angelala pale akingoja kusikia sauti ya mtoto wake, na mtoto angepita kama mtu anayekwenda dukani.

Kila asubuhi niliingia treni ya metro kituo cha Bin Mahmoud, nikabadilisha Msheireb, nikaenda mpaka Lusail kumtunza Mzee. Mimi ni muuguzi. Yeye alikuwa Mjerumani, fundi wa fidla, ile ala inayoshikwa chini ya kidevu. Alikuwa amepigwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukabaki unatetemeka, akawa anaishi kwa binti yake, mhandisi wa majengo, mama wa watu mwenye haraka lakini roho safi. Tuliongea Kiingereza, chake kimejaa Ujerumani na changu kimejaa Vihiga, na tulielewana. Mimi nilimwita Mzee. Yeye aliniita Sista, kwa sababu kwao pia muuguzi ni dada.

Mzee alikuwa na kisirani. Daktari wa mazoezi alimpa mpira laini aufinye ili mkono upate nguvu. Siku ya kwanza aliufinya, siku ya pili aliutupa ukagonga luninga.

"Mimi si mtoto mchanga," akasema.

"Mtoto mchanga angeufinya bila kelele," nikamjibu.

Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, halafu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki mzima. Tangu siku hiyo tukapatana: nikiunyoosha mkono wake, kidole kwa kidole, yeye ananipigia hadithi. Nilikuwa nasikiliza kwa sababu kusikiliza hakuhitaji moyo, kunahitaji masikio tu.

Alizaliwa baada ya vita katika kijiji cha milimani ambako karibu kila nyumba ilikuwa na mtu anayechonga fidla. Baba yake alikuwa fundi, na babu yake, na baba wa babu. Mwaka wake wa kwanza kazini hakuruhusiwa kugusa mbao. Alinoa patasi na kupika gundi, basi. Siku moja aliiacha gundi ikachemka, baba yake akamzaba kofi mbele ya wateja. Alipokua alihamia mjini, akafungua karakana chini ya duka la mikate, unga ukawa unamwagika kutoka juu na kuingia kwenye vanishi, na alimchukia mwoka mikate yule kwa miaka mingi mpaka alipofariki, ndipo akagundua kwamba alikuwa rafiki yake.

Mke wake alikutana naye pale pale karakanani. Alikuwa mpigaji fidla, akaja na fidla inayokoroma. Mafundi wengine walikuwa wamemwambia imevunjika ndani. Mzee aliichukua, akaigongagonga ukingoni kwa kifundo cha kidole, kama vile mimi ninavyogonga kifua cha mgonjwa kusikiliza maji, akafika mahali ikalia tofauti.

"Nikamwambia, haijavunjika. Imefunguka tu," Mzee alisema. "Alicheka. Alikuwa amekuja akidhani nitamwambia habari ya msiba."

Hapo ndipo aliponieleza siri ya kazi yao, ingawa kwao si siri, ni jambo la siku ya kwanza. Kifuniko cha fidla hubandikwa kwa gundi dhaifu. Dhaifu makusudi. Mbao inapumua: hewa ikikauka inanywea, hewa ikiwa na maji inavimba. Ikinywea, lazima kitu kiachie. Gundi ikiwa dhaifu kuliko mbao, mshono unafunguka, fundi anaubandika tena, kazi ya asubuhi moja. Gundi ikiwa na nguvu kuliko mbao, mshono unashikilia, na mbao yenyewe ndiyo inayopasuka.

"Nyinyi Wajerumani kila kitu mnajenga kisiachie," nikamwambia.

"Isipokuwa hiki," akasema.

Fidla yenyewe niliijua siku niliyokuwa natafuta kandambili zake chini ya kitanda. Kulikuwa na kasha jeusi lenye vumbi. Nililivuta nje, nikaona uso wa Mzee umebadilika, nikadhani ni presha. Kisha akasema nifungue.

Ilikuwa fidla nzuri, rangi ya chai ya rangi, lakini kifuniko kilikuwa kimepasuka kwa urefu, ufa mmoja ulionyooka kutoka chini karibu mpaka katikati. Alianza kuichonga kwa ajili ya mke wake. Mke akaugua. Mzee alikuwa bado hajaifunga kifuniko mke alipofariki. Siku ya mazishi, watu wakiwa bado wanakunywa kahawa nyumbani kwake, Mzee alitoka na suti yake nyeusi, akaenda karakanani, akapika gundi nzito kama asali, akaifunga ile fidla.

"Nilijua ninachofanya," alisema. "Baba angenizaba kofi. Lakini nilitaka isifunguke kamwe. Sikutaka mtu yeyote aingie mle ndani."

Akaimalizia kwa vanishi, akaiweka, haikupigwa na mtu. Miaka ikapita. Bendi moja kubwa ya muziki wa Kizungu hapa Doha ikamwita aje atunze ala zao, kwa sababu hewa ya huku na viyoyozi vyake inaua mbao. Akaja, kwa vile binti yake tayari alikuwa huku na nyumba ya kule ilikuwa imekuwa kubwa mno. Alitibu fidla za watu wote. Yake aliiacha ndani ya kabati, na kiangazi cha kwanza, akiwa anakunywa chai sebuleni, aliisikia ikipasuka. Anasema ililia kama ukuni mkavu. Hakwenda hata kuangalia. Baadaye aliisukuma chini ya kitanda bila kufungua kasha, ikakaa huko mpaka nilipoitoa mimi. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na huyu hakutaka hata kujiangalia kwenye kioo.

Mkataba wa binti ulikuwa unaisha. Kabla ya Krismasi wangehamia Ujerumani kabisa. Mzee akasema hawezi kumrudia mke wake na fidla iliyopasuka. Akasema lazima ifunguliwe, ufa uzibwe kwa ndani, ifungwe upya inavyostahili. Binti aliposikia alishika kiuno.

"Papa, mkono wako hauwezi kushika hata kijiko."

"Wangu hauwezi," Mzee akasema. "Wa Sista unaweza. Ananichoma sindano nisijue."

"Ala!" nikasema. "Mimi? Mimi nimesomea watu."

Binti alisema itavunjika, na ikivunjika baba yake atavunjika nayo. Alisema kwa Kijerumani pia, kwa muda mrefu, na Mzee akajibu kwa neno moja moja. Mwishowe akanigeukia, macho yamemjaa machozi, akasema, "Tafadhali, usimwache aumie." Nilimwambia sawa, kwa ile sauti yangu ya sindano. Kusema kweli sikuogopa. Mtu mwingine mahali pangu angetetemeka. Mimi mkono wangu ulikuwa thabiti kwa sababu hakukuwa na kitu ndani cha kuutetemesha.

Tulifanya kazi kwenye meza ya kulia chakula, asubuhi, binti akiwa ofisini. Mzee aliketi kando yangu akiwa amevaa aproni yake ya zamani. Kilichotakiwa ni kisu chembamba kisicho na makali. Unatafuta mahali mshono unapokubali, unakiingiza, unakizungusha kidogo, unasikiliza.

"Usisukume," alikuwa akisema. "Iulize. Hapana. Uliza tena. Hapo inakataa, rudi nyuma."

Gundi yake ya hasira ilikataa karibu kila mahali. Alinipa spiriti nidondoshe kwenye mshono ili gundi ikauke ikatike, tone moja, ungoje. Kila ilipoachia ilitoa mlio, tak, na kila mlio Mzee alifumba macho kama mtu anayechomwa. Mahali pamoja kisu kilichukua kijisehemu cha mbao, chembamba kama ukucha. Nilisimama, nikamwangalia. Akakiokota kwa mkono wa kushoto, akakiweka kwenye kisosi. "Tutakirudisha," akasema. "Endelea."

Jua lilikuwa limeshazunguka upande wa pili wa jengo kifuniko kilipotoka. Ndani hakukuwa na kitu. Mbao nyeupe ambayo haijapakwa rangi, alama za patasi, vumbi kidogo kwenye pembe. Mzee aliinama akaingiza pua yake mle ndani, akavuta hewa. Kisha akalia. Hakujificha. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, mkono mbovu ukigongagonga meza, akaniambia inanukia karakana yake, mkate wa jirani, mke wake akiwa bado mzima juu ghorofani.

Nilimfuta uso, nikamshika mabega. Na niseme lilivyo: nilimwonea wivu. Mzee mzima wa watu analia vile kwa harufu ya kisanduku cha mbao, na mimi nina kaburi zima nyumbani na sina hata tone.

Ufa tuliuziba siku zilizofuata, kwa viraka vidogo vya mbao upande wa ndani, vya ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Kile kijisehemu kilichobanduka tulikirudisha mahali pake. Kisha ikaja siku ya kufunga. Gundi yao ni vipunje vya rangi ya asali vinavyotoka kwenye ngozi na mifupa. Unaviloweka vikafura, unavipasha polepole, chombo ndani ya chombo, na visichemke. Ilipoanza kunuka nilijua ni harufu gani. Ni kwato. Ni jiko la mama siku za soko, sufuria kubwa ya kwato za ng'ombe ikitokota, na yeye akitufukuza tusichungulie. Nilijua, lakini kama unavyojua jina la mtu aliyehama mtaa.

"Inanuka kama kwetu," nikamwambia Mzee.

"Kwetu pia," akasema. Halafu akanitazama. "Sista, mama yako alizikwa lini?"

Sikuwa nimemwambia. Kumbe binti alimwambia, na binti alikuwa ameambiwa na kampuni iliyoniajiri. Nikamjibu. Akahesabu kwa vidole vyake vizima, akaona ni siku ile aliyokula uji uliokuwa na mabonge. Hakusema pole. Alichukua chombo cha gundi, akatia maji, akakoroga kwa mkono wa kushoto, akatia tena.

"Angalia," akasema. "Namna hii. Nyembamba. Mtu akiiona anadhani haitashika."

Nikaipaka kwa brashi kuzunguka ukingo wote, tukalaza kifuniko, nikakaza vibano kimoja baada ya kingine, yeye akinizuia kila nilipotaka kukaza zaidi. Mimi ni mtu wa kukaza, tatizo langu hilo. Tukaiacha usiku kucha. Kesho yake aliigonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka ukingo mzima, akarudia, akaridhika.

Siku waliposafiri niliwasindikiza mpaka uwanjani. Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kasha mapajani. Binti alinikumbatia mpaka nikakosa hewa. Mzee alinipa mkono ule mbovu, kwa makusudi, nikauhisi unatetemeka ndani ya wangu.

"Itafunguka tena," aliniambia. "Mimi au mtu mwingine ataibandika. Ikifunguka si msiba." Nikamwambia safari njema, Mzee, ufanye mazoezi na mpira. Akanitukana kwa Kijerumani, nikafurahi kidogo, au nilikumbuka kwamba hapa mtu hufurahi.

Wiki iliyofuata nami nikapanda ndege, likizo yangu ilikuwa imefika.

Niliteremka kwenye bodaboda pale langoni kwetu, mchana, na walikuwa wamejipanga kweli. Shangazi yangu mkubwa, dada yake baba, alikuwa mbele, leso kiunoni, mikono tayari juu ya kichwa. Walikuwa wakingoja nianze. Nilifungua mdomo. Nilijaribu, haki ya Mungu nilijaribu, nikatoa sauti fulani, ikatoka kama ya mtu anayeita kuku, nikaifunga kwa aibu. Nikapita. Nyuma yangu nikamsikia shangazi akianza peke yake, akilia kwa niaba yangu, akimwambia mama, "Mtoto wako huyu hapa, amefika, amechoka na safari, usimkasirikie." Kaburini nilisimama. Udongo ulikuwa umeshashuka, nyasi zimeanza kuota. Nilisema, "Mama, nimekuja," na ilikuwa kama kusoma kibao cha barabara.

Usiku ule nilisikia wakinong'ona jikoni. Macho makavu. Uarabuni. Sikuwalaumu. Asubuhi niliosha vyombo vyote vya nyumba ile hata vilivyokuwa safi.

Siku ya tatu nilikuwa uani naosha vikombe, shangazi kaketi kwenye kigoda anachambua kunde, hasemi nami. Simu ikatoa mlio kwenye mfuko wa aproni. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa binti wa Mzee. Nikauweka kwenye kibao cha vyombo, nikaubonyeza huku nikiendelea na kazi.

Alisema wamefika salama, baridi ni kali, ndani ya nyumba wamewasha joto mpaka hewa imekauka kama Doha. Alisema jana wakiwa mezani walisikia mlio, yeye akapiga kelele, akajua fidla imepasuka tena na baba yake atakufa. Walifungua kasha. Kisha nikasikia sauti ya Mzee mwenyewe, iko mbali na simu, anagonga mbao kwa kidole, ko, ko, ko, halafu mlio ukabadilika, akacheka, akasema kwa Kiingereza chake, polepole, ili nisikie:

"Sista. Haijapasuka. Imefunguka tu."

Kikombe kilinitoka mkononi. Nilisikia mtu anapiga ukemi, nikashangaa ni nani anayelia hivyo mchana kweupe, mpaka nilipoona kuku wanatawanyika na majirani wanachungulia juu ya ua, ndipo nikajua ni mimi. Nilimwita mama. Nilimwita kwa jina nililomwita nikiwa mdogo. Nikakaa kwenye maji ya vyombo, nikalia picha iliyoganda, nikalia mwiko, nikalia kwato.

Shangazi alimwaga kunde zote chini, akaja akanikamata kiunoni kutoka nyuma, akaninyanyua. Hakuuliza Mzungu alikuwa anasema nini kwenye simu. Alinigeuza uso kuelekea langoni, akaniongoza mpaka pale, tukaanza tena kutoka mwanzo, mimi na yeye, tukipita nyumba zote bila kusalimu mtu.

"Haya, mwanangu," akasema tulipofika kaburini. "Sasa umefika."